Polepole ya Nani?

Ukisoma makala matatu kuhusu kuendesha baiskeli kando ya mto Loire, Ufaransa, umeyasoma yote. Asubuhi kuna ukungu juu ya maji. Kuna mkate uliotoka tu kwa tanuri, kuna jibini la mbuzi, kuna mzee mwenye kofia anayepunga mkono kutoka bustanini. Kisha kasri linachomoza nyuma ya miti, kama ndoto. Lazima liwe kama ndoto. Sijawahi kusoma mahali kasri la Loire limechomoza kama jumba kubwa ambalo mtu fulani alilipia. Jioni kuna divai. Na katikati ya hayo yote mwandishi anagundua kwamba maisha ya mjini yanakimbia mno, na kwamba baiskeli imemfundisha upya kwenda polepole.

Nayajua makala haya kwa sababu nimeyaandika. Nilipotoka chuo bila digrii, kazi ya kwanza iliyonilipia kodi ya nyumba ilikuwa kuandika maelezo ya ziara za baiskeli kwa kampuni moja ya nje, kwa malipo ya neno kwa neno. Nimeandika mji wa Blois nikiwa Roysambu. Nimeandika harufu ya mvua kwenye mizabibu ya Vouvray usiku wa manane, stima zimepotea, simu iko asilimia kumi na mbili na mteja anataka kazi kabla ya asubuhi ya kwao. Ufaransa kwenyewe sijafika. Ada ya viza ya Schengen peke yake ni yuro 90, na hapo bado hawajaitisha taarifa ya benki. Kwa hivyo usitarajie hadithi ya safari hapa. Huu ni uhakiki wa aina moja ya maandishi, kutoka kwa mtu aliyekuwa jikoni yakipikwa.

Kwanza tupate ramani. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi kidogo ya kilomita 1,000, kutoka milima ya Ardèche hadi Atlantiki. Njia ya baiskeli inayoufuata inaitwa La Loire à Vélo, karibu kilomita 900, kutoka karibu na Nevers katikati ya nchi hadi Saint-Brevin-les-Pins pale mto unapoingia baharini. Sehemu kubwa yake ni kipande cha EuroVelo 6, ile njia inayovuka Ulaya kutoka Atlantiki hadi Bahari Nyeusi. Mwaka 2000 UNESCO iliweka bonde hilo, kati ya Sully-sur-Loire na Chalonnes, kwenye orodha ya urithi wa dunia. Njia karibu yote ni tambarare, alama ziko kila mahali, na kuna hoteli zenye kibandiko cha Accueil Vélo, maana yake ziko ndani ya kilomita tano kutoka njiani, zina mahali salama pa kuweka baiskeli na vifaa vya kuziba pancha. Ukitaka, gari linabeba mabegi yako kutoka hoteli moja hadi nyingine na wewe unaendesha mikono mitupu, kilomita arobaini au hamsini kwa siku, ukisimama popote roho inapopenda.

Nitakuwa muwazi: natamani. Kama ungenipa tiketi leo ningeondoka na hizi sapatu. Sina shida na raha yenyewe. Shida yangu ni na namna inavyoandikwa.

Na si shida mpya. Mwaka 1900 Mwingereza Jerome K. Jerome alichapisha Three Men on the Bummel, kuhusu jamaa watatu wanaozurura Ujerumani kwa baiskeli. Ni kitabu cha vichekesho, na vingine vimechacha. Anavyowachora Wajerumani kama watu wa kutii amri tu kunachosha baada ya kurasa kumi. Lakini kuna sehemu anayageukia mabango ya matangazo ya baiskeli ya wakati wake, na pale ndipo utajua jamaa alikuwa na jicho. Anaona kwamba kwenye bango hakuna mtu anayefanya kazi. Mwendeshaji amekaa tu, nguo safi, uso umetulia, baiskeli inapanda kilima yenyewe kana kwamba inasukumwa na malaika. Jerome, ambaye amesukuma chuma kizito kupanda milima ya Black Forest, anauliza kwa upole kama labda wenzake wamekuwa wakinunua baiskeli za aina nyingine.

Zaidi ya miaka 120 baadaye bango ni lile lile, limehamia tu kwa simu. Kazi bado imefutwa. Na ukishafuta jasho la mwendeshaji ni rahisi sana kuendelea kufuta: jasho la anayebeba mabegi, la aliyejenga njia, la aliyejenga kasri. Makala ya Loire ni mashine ya kufuta jasho. Yanatumia neno moja kufanya hivyo, na neno lenyewe ni polepole.

Sisi tunalijua hili neno likiwa kazini. Panda Kilimanjaro na utalisikia kila hatua kumi: pole pole, pole pole. Ni ushauri mzuri wa kiafya, mtu akikimbilia juu hewa inamgeuka. Ila mgeni anarudi kwao na neno hilo kwenye fulana akidhani ni falsafa ya Waafrika kuhusu wakati. Wakati huo huo mpagazi aliyembebea hema alimpita asubuhi akiwa karibu anakimbia, mzigo kichwani, kwa sababu lazima kambi iwe imesimama na chai iwe tayari kabla mgeni hajafika na upole wake. Mmoja anaenda polepole kwa sababu mwingine anaharakisha. Pale Loire mpagazi ni gari dogo la mizigo, na kwa makala zote nilizosoma, dereva wake hajawahi kupata hata sentensi moja. Mzee wa kofia bustanini ndiye anapata aya nzima.

Polepole ya Loire ina tarehe. Mei na Juni 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa wingi ambao nchi ilikuwa haijauona, wakakalia viwanda, wakalala humo humo, wakacheza kodiani kati ya mashine. Serikali mpya ya Léon Blum ikapitisha sheria: wiki ya kazi ya saa 40, na wiki mbili za likizo yenye malipo kwa kila mfanyakazi. Kiangazi hicho watu ambao hawakuwahi kuiona bahari waliondoka mijini, na picha iliyobaki kwenye kumbukumbu ya Wafaransa ni ya wapenzi wawili juu ya tandem, ile baiskeli ya viti viwili, na kikapu nyuma. Leo sheria yao inatoa wiki tano. Yaani yule mhasibu wa Lyon unayemwona akipiga pedali taratibu kando ya maji hakufundishwa utulivu na mto. Babu zake waligoma ndio yeye apate siku hizo.

Hilo lingekuwa jambo tamu kuandika! Fikiria makala ya baiskeli yanayoanza na kiwanda kilichofungwa kwa mgomo. Badala yake polepole inauzwa kama tabia njema ya mtu binafsi, kitu unachochagua ukiwa na moyo uliotulia, na wewe usiyeenda polepole basi bado hujakomaa. Sheria ya ajira ya Kenya ya 2007 inampa mwajiriwa siku 21 za kazi za likizo kwa mwaka. Mwajiriwa. Mimi na mwenye nduthi anayeleta chakula chako tukipumzika wiki, wiki hiyo hailipwi. Nikisoma kwamba siri ni kupunguza kasi, nataka kumuuliza mwandishi, bana, siri ya nani? Mimi kasi yangu naipunguza na nini?

Tuache hapo kidogo, tuangalie mto wenyewe, kwa sababu hapa ndipo uvivu wa maandishi haya unaonekana wazi zaidi.

Kila makala lazima yaseme Loire ni mto wa mwisho wa mwitu Ulaya. Nimeliandika hilo mara nyingi hadi vidole vinaliandika vyenyewe. Lina ukweli kidogo: kuna visiwa vya mchanga vinavyohama, maji hupungua sana wakati wa kiangazi, ndege hutaga kwenye mchanga. Lakini jiulize mwendeshaji anapita juu ya nini anaposifia huo mwitu. Kwa kilomita nyingi njia inapita juu ya matuta, kuta za udongo na mawe ambazo watu wa bonde walianza kuzijenga tangu enzi za kati ili mto usiwale. Karne baada ya karne zimeongezwa urefu, na mto ukazivunja vibaya mwaka 1846, tena 1856, tena 1866. Ile mandhari pana unayoisifia, maji upande huu na mashamba upande ule, unaiona kwa sababu umesimama juu ya kazi ya watu waliochimba udongo kwa karne. Mwandishi yuko juu ya ukuta akiandika kwamba hakuna ukuta.

Halafu kuna vinu vya nyuklia. Vinne: Belleville, Dampierre, Saint-Laurent na Chinon, vyote ukingoni mwa Loire kwa sababu vinahitaji maji ya kupoza. Minara ya Dampierre unaiona kutoka mbali sana, minne, inatoa mvuke mweupe mchana kutwa. Kile cha Saint-Laurent kiko safari fupi ya baiskeli kutoka kasri la Chambord, na mara mbili, Oktoba 1969 na Machi 1980, fueli iliyeyuka ndani ya vinu vyake vya zamani. Hizo ni kati ya ajali mbaya zaidi za nyuklia katika historia ya Ufaransa. Lakini ukisoma makala ya kipande hicho, mwandishi anaingia kichakani upande mmoja na kutokea Chambord upande wa pili, kama aliyefunikwa kitambaa usoni. Picha zimekatwa vizuri. Simwombi mtu aogope. Wafaransa wengi wanaviona vinu hivyo kama sisi tunavyoona nguzo za stima. Nasema tu kwamba mtu aliyetuahidi kuona kila kitu kwa sababu anaenda polepole ameshindwa kuona minara ya zaidi ya mita 100.

Kabla hatujajicheka sana Wafaransa, kumbuka za kwetu za Hell's Gate. Mbuga ya kuendesha baiskeli, twiga, mwamba, machweo. Mabomba ya mvuke ya Olkaria yanapita humo humo, na mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo, lakini fremu ya picha huwa inaishia kabla ya bomba la kwanza. Tumejifunza haraka.

Sasa makasri. Nitapita mbio kwa sababu kila mtu amesharemba hapa. Chambord ilianza kujengwa 1519, mwaka ule ule Leonardo da Vinci alifariki Amboise akiwa mgeni wa mfalme François wa Kwanza. Mfalme alitawala miaka 32 na katika hiyo yote alilala Chambord wiki chache tu. Kasri zima, mamia ya vyumba, ni kambi ya kuwindia. Makala husema hili kama kichekesho cha kupendeza, ona wafalme walivyokuwa na mambo! Sawa. Lakini bonde lile lile lilimtoa mwandishi ambaye hakucheka.

Anaitwa Paul-Louis Courier. Alikuwa msomi wa Kigiriki, mwanajeshi aliyechoshwa na jeshi, kisha mkulima mwenye mizabibu huko Véretz, karibu na Tours. Mwaka 1820 ulianzishwa mchango wa kitaifa kununua Chambord iwe zawadi kwa mtoto mchanga wa ukoo wa kifalme. Unaijua hii: harambee ya hiari ambayo chifu anakuja nayo nyumba kwa nyumba. Courier akaandika kijitabu akijiita mkulima wa mizabibu tu anayezungumza na baraza la kijiji chake. Hoja yake ilikuwa ya shambani kabisa: mtoto hahitaji kasri, na ardhi ile ikigawanywa kwa wanaolima italisha watu, wakati kasri linafuga wafuasi wa mfalme na tabia zao. Hakuona ndoto nyuma ya miti. Aliona ekari zilizokaa bure. Alishtakiwa na kufungwa miezi miwili. Mwaka 1825 aliuawa kwa risasi msituni karibu na nyumbani kwake, na waliohusika walikuwa watumishi wake mwenyewe, jambo ambalo lingepaswa kumfanya yeyote asimgeuze kuwa mtakatifu wa wanyonge.

Nilimgundua Courier nikitafuta kitu cha kujaza aya, na hadi leo nadhani yeye ndiye mwandishi bora wa bonde hilo kwa msomaji wa huku. Anaandika kuhusu mahali anapolima. Sentensi zake zinajua bei ya pipa la divai. Wale wa baiskeli wanapita kando ya mashamba kama ya kwake na kuyaita zulia la kijani.

Lakini mwisho wa mto ndio unaoniuma zaidi.

Ziara nyingi zinashuka na mto: Orléans, Blois, Amboise, Tours, Saumur, Angers, kisha Nantes na bahari. Inaleta maana, maji yanaenda huko. Kila siku kasri, kila kasri kubwa kuliko sababu yake, na unafika Nantes ukiwa umeshiba uzuri. Nantes ndio mji uliotuma misafara ya meli za watumwa mingi kuliko bandari nyingine yoyote ya Ufaransa. Katika karne ya 18 na mwanzo wa 19 meli zake zilibeba zaidi ya nusu milioni ya Waafrika kuvuka Atlantiki. Tangu 2012 kuna mnara wa kumbukumbu pale Quai de la Fosse, ukingoni mwa mto, kazi ya msanii Krzysztof Wodiczko na msanifu Julian Bonder. Kwenye lami ya gati kuna vipande 2,000 hivi vya kioo. 1,710 vina majina ya meli na tarehe zake, vingine vina majina ya vituo na bandari. Unatembea juu yake. Kisha unashuka ngazi chini ya gati, na mto uko pembeni yako, usawa wa bega.

Kwenye maelezo ya siku ya mwisho ya ziara moja niliweka sentensi mbili kuhusu haya. Mbili tu, hazikuwa na hasira. Zilirudi zimepigwa mstari, na maoni pembeni kwamba siku ya mwisho inapaswa kumwacha msafiri na furaha. Mahali pake mhariri aliweka tembo. Sijatunga: Nantes kuna tembo wa mbao na chuma, mita 12 kwenda juu, anayetembea akiwa amebeba watalii mgongoni kwenye kisiwa kilichokuwa na yadi za kuunda meli, ng'ambo tu ya mto kutoka kwa mnara. Niliambiwa nimwelezee kwa mshangao. Mimi, Mkenya, niwaelezee Wazungu tembo kwa mshangao. Nililipwa kwa maneno ya tembo. Zile sentensi mbili hazikuhesabiwa.

Hasira imepoa lakini swali la kiuandishi limebaki, na ndilo lililonifanya niandike hapa. Tuseme mhariri ana haki, siku ya mwisho si mahali pake. Basi iweke siku ya kwanza. Geuza safari.

Na hapa upepo unatusaidia. Bonde la Loire linapigwa zaidi na upepo wa magharibi, kutoka baharini, na waendesha baiskeli wenye uzoefu wanalijua hili: wengi wanashauri uanzie Atlantiki uende juu, upepo ukusukume mgongoni, kwa sababu mto ni tambarare kiasi kwamba mteremko haukusaidii chochote. Upepo huo ndio uliofanya mto huu uwe barabara. Mashua za Loire zilikuwa na sakafu bapa na tanga kubwa la mraba. Zilishuka na maji, na zilipanda na upepo wa magharibi, zikifuatana kwa misururu kutoka Nantes hadi Orléans. Zilibeba chumvi, samaki, na sukari ghafi kutoka visiwa vya Karibea, Saint-Domingue hasa, ile tunayoiita Haiti leo. Karne ya 18 Orléans ilikuwa mji wa viwanda vya kusafisha sukari, zaidi ya kilomita 300 kutoka baharini, na sukari yake ilipelekwa Paris. Ndipo reli ikaja, ikafika Tours 1846 na Nantes 1851, na matanga yakafa.

Kwa hivyo mwendeshaji anayetoka baharini akifurahia kusukumwa na upepo yuko kwenye njia ile ile ya sukari, kwa injini ile ile. Huhitaji hotuba. Huhitaji kumharibia mtu likizo. Ni fizikia tu, anaihisi mgongoni. Nimetafuta makala ya starehe yanayounganisha vitu hivi viwili, upepo wa baiskeli na upepo wa sukari, na bado sijayapata, ilhali vyote viwili vimo kwenye vitabu vya historia ya bonde na kwenye ushauri wa waendeshaji. Uvivu huo haunishangazi. Ukiuza polepole kama usafi wa roho, huwezi kuruhusu upepo uwe na kazi.

Wapo watakaosema mambo ya Nantes ni ya Atlantiki, sisi yanatuhusu nini. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, Mauritius ya leo. Bahari tofauti, bendera ile ile. Mtu wa Pwani akisimama kwenye kile kioo cha Nantes hasimami kama mgeni kabisa.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi ni lingine: mtu amefanya kazi mwaka mzima, mwache aone maua. Nakubali, na ndio maana sitaki makala ya baiskeli yageuke kuwa mashtaka. Kuna mambo ambayo aina hii ya maandishi inaweza kuyafanya kuliko nyingine yoyote. Mwandishi wa gari hajui upepo umebadilika. Wa treni hajui kwamba daraja la mawe lina joto jioni. Mtu wa baiskeli anajua uso wa barabara kwa makalio yake, anajua mji gani una bomba la maji ya kunywa, anasikia harufu ya divai inayochacha kabla ya kuona jengo. Nimesoma aya chache za namna hiyo, nyingi kutoka kwa watu wasio waandishi, wanaoandika kuhusu pancha ya tatu na mvua ya siku mbili na kukosana na mke kwenye kivuko, na zilikuwa na uhai kuliko kila kitu nilicholipwa kuandika. Anayekiri kwamba pedali ni nzito yuko hatua moja tu kutoka kwa kuuliza nani mwingine alibeba uzito hapa. Jerome alifika hapo akitania. Courier alifika kwa jembe.

Kwa hivyo kama wewe ni yule mwenye bahati, mwenye likizo na stempu kwenye pasipoti, na ukirudi unataka kutuandikia, ombi langu ni la mpangilio tu. Anzia Saint-Brevin, ufuoni, pale kwenye mifupa ya nyoka ya msanii Huang Yong Ping, mita 130 hivi za alumini ambazo maji yakijaa huzifunika na yakipwa huziacha wazi. Usiiite ndoto. Weka upepo mgongoni, pitia mashamba ya chini hadi Le Pellerin, vuka na kivuko. Unaweza kufika Nantes siku hiyo hiyo kabla ya jioni. Tembo ukitaka kumpanda mpande, ana tiketi yake. Mnara uko ng'ambo, na kuingia ni bure.